Kunde za Alhamisi

Hata baada ya kufa kwake, Makame alijua kunisumbua. Hitma yake ilikuwa imekwisha, halua imepita, kahawa imenywewa, na mimi nipo mlangoni natafuta viatu vyangu katikati ya viatu vya watu wengine, ndipo binti yake Mwanaidi aliponivuta kando akanitia mkononi kikapu cha ukindu kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa nyavu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Bi Salma, baba kasema hichi chako. Kasema usikifungue hapa. Kasema utacheka, na watu watakuona huna haya." Nikamwambia baba yake na mimi tumechekana miaka hamsini, haya ilishatutoka zamani. Mwanaidi akatabasamu, akafuta macho, akarudi ndani kwa wageni.

Nilipanda ngazi za Michenzani hadi kwangu ghorofa ya tatu, nikipumzika kila ghorofa kama ada, na kikapu kifuani. Nilidhani najua kilichomo, na kweli nilichokitoa mwanzo ndicho nilichokidhani. Nikautandaza wavu wa Makame juu ya meza ya kulia chakula. Kwa asiyejua, ulikuwa ni wavu mbovu: macho mengine mapana kuliko sahani, mengine hayapiti kidole, na hakuna samaki ambaye angejihisi amenaswa humo. Lakini mimi nilijua kuwa ule ni mji. Mkono wangu wa kulia ulilipata wenyewe fundo la soko la Darajani, wa kushoto ukalipata fundo la hospitali, nikavuta. Nyuzi chache zikakaza, nyengine zote zikaning'inia, na mimi nikawa na miaka kumi na tisa.

Ulikuwa mwaka 1970. Habari za kijijini kwetu Uroa nitaziacha. Itoshe kusema nilitoka kule na cheti cha skuli na hofu ya kurudi, maana kurudi kulikuwa ni kupiga makumbi ya nazi na kusokota kamba mpaka viganja vigeuke magome. Niliajiriwa katika ofisi ya ramani kwa miezi mitatu ya majaribio. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha juu, madirisha ya mbao yanayofungwa kwa komeo, meza mbili kubwa za kuchorea, na feni ambalo kazi yake ilikuwa ni kutundikiwa nguo zilizorowa mvua. Chini ya ofisi palikuwa na muuza kahawa, na kwa kuwa sakafu ilikuwa ya mbao iliyoachana, habari za mji zilitufikia pamoja na harufu ya tangawizi. Tulijua nani kaposa na nani kakataliwa kabla ya wenyewe kujua. Watu wa chumba kile tulikuwa wanne: Mkuu wa ofisi, mtu mpole anayeogopa barua, Bwana Horst, mtaalamu kijana kutoka Ujerumani ya Mashariki, Makame, mchora ramani, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuhesabu watu wapitao njiani.

Bwana Horst alijifunza Kiswahili kitabuni, kwa hivyo alikizungumza sawasawa kuliko sisi sote, na ndiyo sababu hakuna aliyemfahamu sokoni. Sisi tukisema "nnakwenda", yeye alisema "mimi ninakwenda" na kabla hajafika mwisho mwenzake keshaondoka. Alikuja kutafuta jawabu ya swali moja. Kila siku baada ya alasiri, watu wanaotoka Darajani kwenda upande wa hospitali walikuwa wakisongamana nyuma ya Mkunazini mpaka gari moja la hamali, la kusukumwa kwa mikono, likikwama na muhogo, mji mzima unakwama nyuma yake. Wagonjwa walipita juu ya mabega. Bwana Horst alitaka kujua watu wanapita wapi na kwa nini, ili ofisi iseme ni wapi pavunjwe njia ipanuliwe. Huko kwao, alisema, mji huandikwa kwa vituo na mistari, kila njia panda ikawa nukta, na hesabu ndefu zikafuata. Alizijaza ubaoni siku tatu. Siku ya nne Makame aliweka kalamu chini akamwambia hesabu zote zile kwao Tumbatu, kwa wavuvi, hufanywa kwa uzi.

Makame alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kofia yake daima imelalia sikio la kulia. Alizaliwa katika nyavu, ila bahari ilimtapisha tangu mdogo, ndipo akakimbilia kalamu. Mwezi mzima alipima vichochoro kwa hatua zake, na kila hatua mia akazikatia shibiri moja ya uzi. Palipo na njia panda akafunga fundo. Akasuka mji wote namna hiyo, Malindi mpaka Vuga, jioni kwa jioni, huku anakula mihogo ya kuchoma na kutupa maganda dirishani, na muuza kahawa chini anamlaani. Ulipokwisha, alimwambia Bwana Horst ashike mafundo mawili yoyote na avute. Uzi unaokaza mwanzo, alisema, ndiyo njia fupi, haidanganyi wala haichoki. Bwana Horst alivuta Darajani na hospitali, akavuta Malindi na Vuga, akavuta tena na tena, kisha akazifuta hesabu zake ubaoni kwa mkono wa shati. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi namna ile kwa kushindwa.

Mimi sikuwa na furaha hiyo. Siku yangu ya kwanza ya kuhesabu nilikaa barazani na daftari, na kila aliyepita alinijua au alimjua anayenijua. Shikamoo, marahaba, hujambo, hawajambo Uroa, mama hajambo, unaandika nini, unatuandikia kodi? Waliosimama kuuliza walizibia waliokuwa nyuma, waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini, na ilipofika magharibi nilikuwa nimesababisha msongamano mkubwa kuliko wote wa mwaka ule na kuhesabu watu kumi na wanne. Makame alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyeniokoa alikuwa Bi Tatu, niliyekuwa nikiishi kwake. Nyumba yake ilikaa penye kona ambapo njia itokayo Darajani inagawika: upande mmoja kichochoro kinyoofu tulichokiita Kwa Wazee, kwa sababu ya baraza mbili zinazotazamana ambazo wazee walizikalia kila jioni, upande wa pili njia ya kuzunguka, iliyopinda mara tatu na ndiyo iliyokuwa ikisongamana. Alinipa dirisha lake la juu lenye pazia. Sikutaka kuinamia daftari, mtu akanipita, kwa hivyo niliomba bakuli mbili na nafaka. Kila aliyekwenda njia ya kuzunguka nilimtilia kunde, na kila aliyekata Kwa Wazee nilimtilia choroko. Nilikaa saa moja kila jioni kabla ya magharibi, na kila robo ya saa nikizihesabu na kuandika. Ilikuwa kazi tamu. Bi Tatu alipika nyuma yangu, mafuta yakilia, na kutoka chini nikisikia mazungumzo ya watu wasiojua kuwa wanahesabiwa. Mwanamke mmoja kila siku alimwambia mwenzake kuwa leo ndiyo mwisho wa kumpikia mawifi zake, na kila siku kapu lake lilikuwa kubwa kuliko jana.

Siku tano nilifanya hivyo bila kosa. Siku ya Alhamisi, ambayo mji wote unatayarisha Ijumaa na watu ni wengi, nilishughulika mno hata sikuziandika robo. Nilisema nitahesabu zote mara moja baada ya magharibi. Nikashuka kuswali. Niliporudi, bakuli la kunde lilikuwa tupu, limeoshwa, limefunikwa. Bi Tatu alikuwa ameroweka kunde zake tangu asubuhi, akaona nyengine dirishani, akadhani ni masalio, akazimimina humo humo. Zilikwishatiwa nazi. Choroko kumi na moja alikuwa ameziacha kwa kuwa, alisema, kumi na moja si mboga. Nilikaa kitako nikala kunde zile na mkate wa kumimina, na zilikuwa nzuri kweli, nami natafuna ushahidi wangu wenyewe. Kesho yake nikaandika daftarini: Alhamisi, njia ya kuzunguka, mia moja arubaini na mbili. Niliitoa kichwani. Nilijiambia ndivyo ilivyoelekea kuwa.

Wiki iliyofuata tulikaa sote mezani. Wavu ulivutwa, ukakaza Kwa Wazee. Daftari langu likafunguliwa, likasema karibu kila mtu anazunguka, na Kwa Wazee hawapiti hata kumi na tano kwa saa. Bwana Horst alitazama wavu, akatazama daftari, akauliza kwa upole ni kipi kati ya viwili hivi kinachokosea. Kama wavu ni kweli, alisema, basi njia fupi iliyopo ni nyembamba kwa sababu ya baraza, zikivunjwa watu watapita. Mkuu alikwisha kushika kalamu kuandika hivyo. Na Makame, ambaye aliupenda wavu ule kama mwanawe, akachukua daftari langu akalipekua ukurasa mmoja mmoja. Alipofika Alhamisi akasimama. Siku zote zina robo nne, alisema, Alhamisi ina namba moja tu, imelala peke yake. Akanitazama kwa mara ya kwanza bila mzaha.

"Bi Salma, hii umeiona au umeitunga?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilimchukia Makame kuliko nilivyopata kumchukia mtu. Nilikwenda nyumbani, nikakataa kula, na Bi Tatu aliponiuliza nikamwambia yote. Alisema mwongo wa hesabu moja huchukuliwa kuwa mwongo wa zote, kwa hivyo mtu ailipe ile moja mapema kabla hazijazaana. Kisha akanisukumia sahani akasema nile, kwani kukiri kwa njaa si kukiri.

Asubuhi nilisimama mbele ya meza kubwa nikasema. Nilisema Alhamisi nimeitunga, nyengine zote ni kweli, na kwamba kunde za Alhamisi zilipikwa na nikala mwenyewe. Mkuu alishtuka zaidi kwa kunde kuliko kwa uongo. Bwana Horst aliuliza mara mbili kama amefahamu vizuri neno "zilipikwa". Midomo ya Makame ilikuwa imebana na mabega yanatikisika, nikadhani ni hasira. Mkuu, kwa kuwa aliogopa barua, alitoa hukumu aliyoweza kuiandika. Makame akae dirisha lile lile Alhamisi ijayo, saa ile ile. Kama hesabu yake itakaribia ile yangu, daftari litakubaliwa lote na mimi nitabaki kazini. Ikiwa mbali, daftari litatupwa, ifuatwe hesabu ya Makame, na mimi nirudi Uroa.

Siku sita zile nilihesabu kila kitu. Nilihesabu ngazi, nilihesabu vifungo vya watu, nilihesabu kunguru. Alhamisi ilipofika Makame alikwenda kwa Bi Tatu, akapewa bakuli zile zile za kunde na choroko, na kwa kuwa mwanamume hakai chumba cha juu na wenye nyumba wakiwa peke yao, Bi Tatu aliita majirani watatu wakaja kuketi nyuma yake kwa heshima, na wakamkosoa kwa muda wote huo. Mimi nilikatazwa kufika. Ijumaa asubuhi alipanda ngazi za ofisi polepole, kofia sikioni, akaweka karatasi mbele ya Mkuu. Kwa Wazee, tisa. Njia ya kuzunguka, mia moja thalathini na tisa.

Nililia. Sikuona haya, nililia mbele ya wanaume watatu. Mia moja thalathini na tisa kwa mia moja arubaini na mbili! Bwana Horst alinipa mkono. Makame aliniambia, kana kwamba hakuna kilichotokea, kwamba basi wavu ndio mwongo na yeye ndiye aliyeusuka, kwa hivyo nimweleze kosa liko wapi, maana alipokuwa dirishani ameona wanawake wanafika kona, wanachungulia Kwa Wazee, wanageuka.

Nilimweleza jambo ambalo kila mwanamke wa mji alilijua na hakuna mwanamume aliyewahi kuliuliza. Kwa Wazee kuna wazee kumi na wawili, sita huku na sita huku, na huwezi kupita katikati ya watu wazima ukakaa kimya. Kila mmoja ana shikamoo yake, na kila marahaba ina mkia: mama hajambo, yule mgonjwa vipi, kapu hilo umenunua samaki gani. Ukiwa na samaki mkononi na wageni nyumbani, njia hiyo fupi ndiyo ndefu kuliko zote. Hamali hawapatwi na hayo kwa kuwa wao hupita wanapiga simile, kelele za kutaka wapishwe, na mwenye kupiga simile hasalimii. Bwana Horst alikuwa anaandika mbio. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Shikamoo moja ina urefu wa hatua ngapi?"

Tulikwenda kuipima. Mimi nilipita na kapu, Bwana Horst nyuma na saa. Njia ya dakika mbili ilinichukua kumi na moja. Yeye mwenyewe hakutoka. Wazee walimkalisha, wakampa kahawa na kashata, wakamuuliza wazazi wake wako hai, na aliporudi ofisini jua lilikuwa limekaribia kuzama na alikuwa amealikwa harusini. Jioni ile Makame aliufungua uzi wa Kwa Wazee, akauongezea urefu wa shikamoo kumi na mbili. Hakuwa na uzi wa nyavu uliobaki, nikampa wangu mwekundu wa kushonea. Tukashika, yeye Darajani na mimi hospitali, tukavuta. Wavu ukakaza njia ya kuzunguka, pinda kwa pinda, kama watu wanavyokwenda. Uzi mwekundu ukaning'inia katikati.

Mkuu alitaka kujua, kwa ajili ya barua yake, kama baraza zikivunjwa watu watapita.

"Watapita," nilimwambia. "Lakini wazee watahamia njia ya kuzunguka, na sisi tutafunga nyuzi upya."

Hapakuvunjwa jiwe. Iliandikwa kuwa magari ya hamali yote yapite Kwa Wazee baada ya alasiri, njia ya kuzunguka iachiwe waendao kwa miguu. Wazee walilalamika wiki moja, kisha wakajizoesha kunyanyua miguu kila wakisikia simile, huku wakiendelea na mazungumzo, na mmoja wao alisema magoti yake hayajapata kuwa mazima namna ile. Mimi nilithibitishwa kazini na nikakaa miaka thelathini na moja. Na hadithi ya Alhamisi nimeihadithia harusini na matangani mpaka wajukuu wananimalizia: bibi alikisia watu wa mji mzima akakosea watatu tu. Makame kila mara alikuwepo akinitazama, ananiambia, "Una jicho, Bi Salma." Nikivimba kichwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri juzi mezani, nimeushika wavu na uzi mwekundu umefifia ukawa waridi. Nikaukunja niurudishe kikapuni. Chini kabisa palikuwa na kifuko cha kitambaa, kimeshonwa pande zote kwa mishono ya mtu aliyefundishwa na wavuvi. Nilikikata kwa kisu. Zikamwagika kunde, ngumu kama changarawe, na pilipili kavu mbili za kuzuia wadudu, na kipande cha karatasi ya ofisi yenye mwandiko wa Makame: Alhamisi. Njia ya kuzunguka. Tisini na saba.

Nilizihesabu mara tatu. Tisini na saba.

Tisini na saba, mbele ya tisa za Kwa Wazee, ingetosha kabisa kuziokoa baraza. Isingetosha kuniokoa mimi. Alijua hayo alipokuwa anapanda ngazi zile polepole, na alijua pia kwamba namba mbili zikilingana sawasawa mtu hushuku, ndipo akapunguza tatu. Mtu aliyenitia hatiani kwa namba moja ya kutunga alitunga ya kwake, akaificha miaka hamsini, na akaniachia nijisifu mbele yake kila harusi. Alikuwa na haki aliposema nitacheka. Nilicheka peke yangu mezani mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Kunde za miaka hamsini haziivi, zile nimezirudisha kifukoni. Nilivaa viatu nikashuka Darajani nikanunua mpya, nikaziroweka usiku kucha, na asubuhi nikazipika kwa nazi nzito kama alivyozipika Bi Tatu. Nikajaza bakuli nikampelekea Mwanaidi. Nilikwenda kwa njia ya Kwa Wazee. Baraza zote mbili zipo, upande mmoja pana mwenye duka aliyeanika vikoi, na upande wa pili, kwa kuwa goti lilinigomea, niliketi mimi. Msichana akapita mbio na mfuko wa samaki, akaniamkia huku anakwenda. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza mama hajambo, na bibi, na samaki gani hao. Akasimama.

Mwanaidi alifunua bakuli akauliza kulikoni, bibi yangu, kunde za nini tena.

"Za baba yako," nilimwambia. "Nnamlipa Alhamisi yake."